Lini nistaafu? Mwongozo wa kuamua, kwa watu wa Lamu

Mwongozo huu nimewaandikia mwalimu aliyefika miaka 54 na mgongo umeanza kumsumbua, karani wa kaunti anayehesabu miezi iliyobaki, mpishi wa hoteli ya Shela, na nahodha ambaye wanawe wanamsihi apumzike. Kila mmoja ana sheria yake na mfuko wake, lakini wote wanajiuliza swali moja: niache kazi lini?

Nimekaa na majirani wengi tukijaza fomu za pensheni, na naona wengi huchagua siku kwa kutazama kiinua mgongo, zile fedha zinazolipwa kwa mkupuo. Fedha hizo huja mara moja. Miaka 20 inayofuata italishwa na kile kinachoingia kila mwezi. Kwa sababu hiyo hesabu zote hapa chini nimezianzia kwenye mwezi, tena mwezi mgumu, mwezi wa kusi, upepo unapochafua bahari.

Hatua ya 1: Ijue tarehe yako ya kisheria, kisha ikague

Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Hadi 2009 ilikuwa 55, na mpaka leo utawasikia wazee barazani wakiitaja 55 kwa mazoea. Mwenye ulemavu huruhusiwa kuendelea hadi 65. Anayetaka kutoka mapema anaweza kuomba kustaafu kwa hiari akishatimiza 50, na pensheni yake ikaanza hapo hapo, mradi ametumikia miaka 10 au zaidi.

Kustaafu mapema si kujiuzulu. Chini ya sheria ya zamani ya pensheni, anayejiuzulu kabla ya kufika 50 anaweza kuipoteza pensheni yake. Mwenye miaka 48 aliyechoka na kazi, namshauri aombe uhamisho au likizo, aisukume hiyo miaka miwili, kisha aombe kustaafu.

Aliyeajiriwa hotelini au kwenye kampuni atazame barua yake ya ajira kwanza, kwa kuwa umri wa kustaafu huwa umeandikwa humo. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hulipa mafao ya uzeeni ukifika 60, au kuanzia 50 ikiwa umeacha kazi ya kuajiriwa.

Sasa kagua majina na tarehe ya kuzaliwa. Lamu jambo hili limewachelewesha watu wengi. Mtu mmoja utamkuta kwenye kitambulisho ni Athman, kwenye barua ya ajira ni Athumani, na NSSF wamemwandika Othman. Mwengine alizaliwa nyumbani Matondoni au Pate, akaandikishwa akiwa mkubwa, na mwaka ulio kwenye faili la kazi si ule ulio kwenye kitambulisho. Chukua kitambulisho, barua ya kwanza ya ajira, hati ya mshahara ya karibuni na taarifa ya NSSF, uziweke pamoja mezani na usome herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, anza kurekebisha leo, hata kama umebakiza miaka mitano. Kurekebisha ukiwa bado kazini ni rahisi kwa kuwa ofisi yako inakujua. Ukishatoka, kila karatasi utaifuata mwenyewe, na kila safari ni boti ya kuvuka hadi Mokowe, bara, kisha basi.

Hatua ya 2: Andika matumizi ya mwezi wa kusi

Usikadirie kichwani. Nunua daftari, uandike matumizi ya nyumba kwa mwezi mmoja wa kaskazi na mwezi mmoja wa kusi. Kaskazi, kuanzia Disemba hivi hadi Machi, bahari imetulia, samaki wapo, wageni wapo, na kijana wa nyumbani huenda amepata kibarua. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mambo hugeuka: vyombo vidogo havitoki kila siku, kitoweo kinapanda bei, hoteli kadhaa hufungwa, na mvua ikiharibu barabara mboga kutoka bara huchelewa Mokowe. Kijana aliyekuwa akileta unga sasa anaomba nauli. Kipimo chako kiwe mwezi huo wa pili.

Kisha ongeza yale yasiyokuja kila mwezi lakini hayakosi kuja. Ramadhani na Idi. Maulidi, ambapo nyumba ya Lamu hujaa wageni na hakuna anayeuliza chakula kimegharimu nini. Harusi za jamaa. Karo ya aliye chuoni Mombasa. Na nyumba yenyewe: anayekaa kwenye nyumba ya mawe ya Mkomani anajua kuwa boriti za mikoko huoza na lipu ya chokaa hubanduka, tena ndani ya mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, hutengenezi kwa simenti na bati upendavyo. Jumlisha haya yote kwa mwaka, gawanya kwa 12, uongeze kwenye hesabu ya mwezi wa kusi. Nambari itakayotoka iandike kwa kalamu nyekundu. Ndiyo tutakayoipimia kila kitu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pensheni kwa mkono wako

Watumishi wa serikali kuu na walimu wako katika makundi mawili; karani wa kaunti aulize ofisini kwake yumo mfuko upi. Mpango mpya wa kuchangia ulianza tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa moja kwa moja, na waliofika 45 waliachiwa wachague. Basi wengi wanaokaribia 60 sasa bado wamo katika mpango wa zamani, na hesabu yake inafanyika kwa simu ya mkononi.

Chukua mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyotumikia, gawanya kwa 480. Hiyo ni pensheni ya mwaka kabla ya kutoa kiinua mgongo. Robo yake hutolewa na kuzidishwa mara 20: hicho ndicho kiinua mgongo. Robo tatu zinazobaki ndizo utakazolipwa kwa mwaka, kila mwezi sehemu yake.

Tuseme mwalimu ana mshahara wa msingi wa shilingi 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka, na ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni kamili ni 432,000 kwa mwaka. Robo ni 108,000, mara 20 ni 2,160,000. Zinabaki 324,000 kwa mwaka, sawa na 27,000 kwa mwezi.

Mwalimu huyo huyo akitoka miaka mitano mapema kwa mshahara ule ule, ana miezi 300. Kiinua mgongo kinakuwa 1,800,000 na pensheni 22,500 kwa mwezi. Yaani miaka mitano ya ziada inampa 4,500 zaidi kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake, na 360,000 zaidi mkononi, mbali na mishahara ya miaka hiyo mitano. Kwa mwenye afya na kazi inayovumilika, huo ni uzito mkubwa wa kubakia. Kwa aliye mgonjwa, 4,500 haziwezi kununua mgongo mpya, na sitamshawishi abaki.

Pensheni hupigwa kwenye mshahara wa msingi peke yake. Lamu imo katika orodha ya maeneo ya mazingira magumu, na mwalimu wa hapa hupokea marupurupu yake, pamoja na ya nyumba. Yote hayo hukatika siku ya kustaafu. Mtu aliyezoea kuona 70,000 kwenye benki huenda asijue kuwa msingi wake ni 48,000, akashtuka mwezi wa kwanza wa 27,000. Toa hati ya mshahara, utazame mstari wa kwanza, usahau ile jumla ya chini.

Pensheni ya serikali huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Bei ya mchele haingoji miaka miwili. Nambari yako nyekundu ikiwa inalingana na pensheni bila kubaki chochote, miaka 10 mbele itakuwa imeishinda.

Aliye kwenye mpango mpya huchangia asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, na fedha hizo hukaa kwenye akaunti yenye jina lake. Hapo hakuna 480, kuna salio. Omba taarifa ya salio kila mwaka. Ukistaafu, si zaidi ya theluthi hulipwa kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki ndiyo hukupa malipo ya kila mwezi. Kwa hivyo salio la milioni tatu lisikufanye uhesabu kuwa una milioni tatu za kujengea.

Aliye hotelini mwenye NSSF peke yake

Hapa nasema waziwazi, kwa kuwa nimewaona wazee waliofanya kazi maisha yao yote wakishangaa dirishani. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Hiyo ni 4,800 kwa mwaka. Miaka 20 ni shilingi 96,000, kabla ya faida iliyoongezwa. Tangu 2023 ni asilimia 6 kutoka kwa kila upande, na kiwango cha mshahara kinachokatwa kimekuwa kikipanda kila mwaka. Mabadiliko hayo ni mazuri kwa kijana, lakini mpishi mwenye miaka 58 amepata miaka michache tu ya hayo makubwa.

Basi kwake yeye NSSF haiwezi kuwa ndiyo sababu ya kuacha kazi. Itamsaidia mwaka mmoja au miwili. Anachohitaji ni kipato cha pili kabla hajaondoka: chumba cha kupangisha, nusu ya mashua, kazi ya kupika kwenye harusi, chochote kitakachoingiza fedha kusi na kaskazi. Pia akague kama makato yake yalipelekwa kweli. Hoteli za msimu huajiri na kuachisha, na miezi ya katikati huwa haina kitu. Hati za mshahara zinazoonyesha makato usizitupe. Zihifadhi mahali pasipo na unyevu, kwa sababu hewa ya bahari hula karatasi.

Ikiwa mkataba ni wa msimu, usiache kazi Novemba kwa hasira. Maliza msimu hadi Pasaka, uchukue haki zako za likizo, uage wakati hoteli yenyewe inafunga.

Nahodha, mvuvi, fundi

Hawa hawana barua ya kuwaambia basi. Mwili ndio hutoa notisi, na kwa kawaida huitoa kwa macho na magoti. Nahodha akianza kukwepa safari za usiku, au akimwachia baharia kusoma maji ya mlangoni pa bahari kwa sababu haoni tena rangi ya mwamba, wakati umefika. Hapo kuna roho za abiria.

Lakini kuacha bahari si lazima kuwe kuacha chombo. Kwa mila yetu mapato ya uvuvi hugawanywa kwa mafungu, na chombo kina fungu lake mbali na mabaharia. Mwenye chombo anayempa usukani mpwa au mwanawe anaendelea kupata fungu la chombo, naye hubeba gharama za ukarabati. Liandikeni hilo kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili: fungu ni kiasi gani, nani anunua tanga, nani alipa injini ikifa. Kuwa ni mwanao kusiwazuie kuandika.

Kabidhi mwanzoni mwa kaskazi. Kijana apate miezi ya maji tulivu akiwa na jina la unahodha, mabaharia wamzoee, kabla kusi haijamjaribu. Mwaka wa kwanza nenda naye mara mojamoja, ukae mbele, usishike usukani.

Watu hawa wajue pia kuwa fedha za serikali za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kwa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa. Anayeacha bahari na miaka 62 ana miaka minane ya kuvuka kwa fungu la chombo na akiba. Na mtu yeyote aliyejiajiri anaweza kuchangia NSSF kwa hiari. Fundi wa miaka 40 anayesoma hapa aanze sasa.

Hatua ya 4: Madeni na dhamana

Hili ni fupi. Usistaafu ukiwa na mkopo unaotegemea kukatwa kwenye mshahara. Kama mkopo wa sacco (chama cha akiba na mikopo) au benki utaisha miezi 14 baada ya kustaafu kwako, ama uulipe haraka zaidi sasa, ama usogeze siku kama bado hujafika 60. Kiinua mgongo kinacholiwa na benki kabla hujakiona ni machungu. Orodhesha pia uliowadhamini. Mwenzako akishindwa kulipa, sacco itashika akiba yako. Na uliza mapema: akiba ya sacco hurudishwa baada ya notisi, lakini hisa kwa kawaida hazirudishwi, huuziwa mwanachama mwengine.

Hatua ya 5: Matibabu

Bima ya kazini hukoma na kazi. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF: mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupangiwa kiwango kwa hali ya nyumba yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, akilipa kwa mwaka. Hakikisha umeandikishwa wewe na wanaokutegemea kabla ya mshahara wa mwisho, na hiyo ada ya mwaka iwemo kwenye nambari nyekundu.

Mwaka wa mwisho ukiwa na bima ya kazi, pima kila kitu: sukari, presha, macho, meno. Mtoto wa jicho utolewe sasa. Kuna matibabu ya kibingwa utakayoyafuata Mombasa, na huko si daktari tu. Ni nauli ya watu wawili, malazi na chakula. Weka fungu lake.

Hatua ya 6: Sema nyumbani kabla ya kusema ofisini

Mwalimu mmoja jirani yangu alishapanga kila kitu na mkewe akawa hajui. Siku aliyomweleza, bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza: "Na hizo milioni mbili, bwana, umemwahidi nani?" Mwalimu akanyamaza. Alikuwa ameshawaahidi watu watatu: kaka yake, mwanawe wa kwanza na kamati ya msikiti. Walikaa usiku ule wakazihesabu upya, na akaamua kufanya kazi miaka miwili zaidi.

Kwa hivyo kaeni wawili na hesabu zote mbele. Mwenye wake wawili aziweke wazi kwa nyumba zote mbili. Kisha waiteni watoto waliokua, muwaambie ni kiasi gani kitaingia kwa mwezi na kwamba kiinua mgongo si cha kugawana. Anayetaka kwenda Hija kwa fedha hizo na aende, ni nia njema, lakini madeni ya watu yatangulie na chakula cha nyumbani kisiguswe.

Hapo hapo rekebisha majina ya wategemezi kwenye pensheni, NSSF na sacco. Nimeona fomu zenye jina la mke aliyeachwa zamani, na za mama aliyekwisha kufariki. Kuhusu mali nyengine, Muislamu anajua kuwa wasia hauvuki theluthi na hauwi kwa mrithi. Palipo na utata, mahakama ya Kadhi iko hapa hapa Lamu, na kuuliza ukiwa hai kunawaepusha watoto na ugomvi.

Kiinua mgongo kikifika, kikae benki miezi sita bila kununuliwa kitu. Hasa ardhi. Tangu habari za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, madalali wa viwanja hawaishi kugonga milango ya wastaafu, na maeneo mengi ya Lamu yana mizozo ya hati. Kiwanja kisichofanyiwa upekuzi kwenye ofisi ya ardhi usikilipie hata arubuni, awe anayekiuza ni ami yako.

Hatua ya 7: Iishi pensheni kabla haijaja

Kwa miezi mitatu, mmoja wake uwe wa kusi, siku ya mshahara hamisha kila kinachozidi pensheni yako uliyoipiga hatua ya 3, ukiweke kwenye akaunti ambayo kadi yake anaishika mtu mwengine wa nyumbani. Mkiweza kumaliza miezi hiyo bila kukopa dukani, uko tayari. Mkikwama mwezi wa pili, tazameni mmekwamia wapi. Kama ni karo ambayo itaisha baada ya mwaka, siku yako ni baada ya mwaka huo. Kama ni chakula, unahitaji kipato cha pili kwanza, na hakuna tarehe itakayolitatua hilo.

Akiba ya miezi hiyo mitatu ina kazi yake: mshahara hukoma siku ileile ya kustaafu, na pensheni ya kwanza huweza kuchelewa miezi. Ikuze hadi itoshe chakula cha miezi sita.

Hatua ya 8: Barua

Anza mwaka mmoja kabla. Hata anayestaafu kwa umri asingoje ofisi imkumbuke. Aende mwenyewe aulize kama notisi yake imetoka na faili lake limekamilika. Kwa anayetoka mapema, barua itaje kuwa unaomba kustaafu kwa hiari, umri wako, namba ya kazi na tarehe unayoitaka, iwe mwisho wa mwezi. Walimu hupitishia kwa mwalimu mkuu na ofisi ya TSC (tume ya kuajiri walimu) ya kaunti ndogo. Ambatisha nakala za kitambulisho, barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, cheti cha kodi na maelezo ya benki yaliyo na jina sawasawa na la kitambulisho.

Peleka barua kwa mkono, nakala mbili, na urudi na moja iliyopigwa mhuri na tarehe. Karatasi nyengine zote zipige picha kwa simu na umtumie mtoto wako mmoja aliye nje ya Lamu.